Santuri ya Musoma na Bei Yake

Mume wangu alinitongoza kwa bei ya ndizi. Sijui wenzangu walitongozwa kwa nini, lakini mimi ndivyo ilivyokuwa na sioni haya kusema. Nilikuwa nimekaa soko la Migori na mikungu niliyoileta kutoka kwetu Ntimaru, jua linachoma, wanunuzi hakuna, akaja kijana mrefu mwenye kofia ya melini. Akainua mkungu, akaurudisha chini, akaniambia kwamba Bukoba mkungu kama huo anaupata kwa nusu ya bei yangu. Nikamwambia basi aende Bukoba. Akacheka, akasema Bukoba ataenda kweli, maana yeye ni mpishi kwenye meli inayozunguka ziwa, lakini njaa anayo leo. Akanunua. Likizo iliyofuata akarudi tena pale pale, safari hii kunipa bei ya ndizi Kampala.

Mimi Mkuria, yeye Mjaluo wa Homa Bay. Kijaluo nilijua salamu tu, na yeye Kikuria hakujua hata hizo salamu. Tulichumbiana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, tukapatana kwa Kiswahili, na ndiyo maana hata haya ninayaandika kwa Kiswahili. Baba yangu alimpenda mapema. Alisema mwanamume anayejua bei za nchi tatu si rahisi kudanganywa, akapokea ng'ombe. Mama yangu alinipa mbuzi jike nimpeleke huko ziwani, nisiende mikono mitupu.

Uhuru ulikuwa bado mchanga nilipohamia Homa Bay. Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya gati, na meli ikipiga honi nilikuwa nasikia kabla ya mbwa. Ilitoka Kisumu, ikapita Kendu Bay, ikaja kwetu, halafu ikavuka kwenda Musoma na Mwanza na Bukoba, ikapanda hadi Uganda, ndipo irudi Kisumu. Mume wangu alishuka kila bandari. Wenzake walikimbilia pombe. Yeye alikimbilia maduka, wala si kununua, ni kuuliza. Sukari hapa bei gani, blanketi bei gani, na zaidi ya vyote, santuri bei gani. Alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, aliyoinunua kabla hajaninunulia mimi hata leso, na santuri alizipenda kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe.

Bei zote alizibeba kichwani. Ukimwamsha usingizini atakwambia santuri ya rumba ya Kongo iko bei gani Kampala na bei gani Kisumu, na ya taarabu Mwanza imepanda au imeshuka. Tena alikuwa na nadharia yake, ambayo aliifundisha mji mzima. Alisema muziki ni rahisi karibu na wenyewe. Kwa hiyo nyimbo za Kijaluo ununue Kisumu au Kendu Bay, za Kongo ununue upande wa Uganda, na za pwani uzingoje Mwanza. Anayenunua rumba Kisumu, alisema, analipia nauli ya mtu asiyemjua. Watu walimwamini. Walikuja kumwagiza, mwalimu, karani, mwenye hoteli ya chai, kila mtu na wimbo wake, naye akawaletea na kuwaambia waliokoa kiasi gani. Sifa yake pale Homa Bay ilikuwa hiyo: hajawahi kulipa bei mbaya. Nchi zilipogawana pesa, kila moja na shilingi yake, alikasirika wiki nzima kana kwamba wamemfanyia yeye kusudi. Halafu akakaa akajifunza kulinganisha upya.

Jumapili baada ya kanisa nyumba yetu ilijaa. Wajaluo wana desturi yao wanayoiita pakruok. Muziki ukipigwa na mtu akasikia moyo wake umepanda, analipa kidogo, mwanamuziki ananyamaza, na yule aliyelipa anasimama kujisifu: mimi ni nani, mtoto wa nani, wa ufukwe gani, wanawake wa kwetu wako namna gani. Akimaliza, muziki unaendelea. Sasa gramafoni haina mdomo wa kuambiwa nyamaza. Kwa hiyo kwetu kulikuwa na kikombe cha bati, ukitia senti mume wangu anainua sindano, unajisifu, kisha anairudisha. Mpaka leo sijasikia mji mwingine ambako watu walilipia wimbo usimamishwe. Karibu kila santuri pale nyumbani ilikuwa na kidonda pale pale pazuri, maana kila mtu moyo humpanda mahali pamoja, na sindano ikifika hapo inaruka kama mbuzi kwenye mtaro.

Nilifurahia Jumapili hizo, nisiwe mwongo. Nilichoma mahindi, nikagawa chai, nikajua nani atajisifu kwa mitumbwi ya babake na nani kwa uzuri wa dada zake. Waliniita nyar Ntimaru, yaani binti wa Ntimaru, kwa kuwa mke huitwa kwa alikotoka. Walinisukuma nami nijisifu. Nilikataa. Ningejisifuje juu ya wimbo wa mtu mwingine?

Basi hapo ndipo penye habari yangu. Nyumba nzima ilisema Kijaluo: mama mkwe wangu, majirani, santuri, na baadaye binti yetu wa kwanza. Mimi na baba yake tukasema Kiswahili. Kikuria kilibaki na kiumbe mmoja tu wa kusema naye, naye ni yule mbuzi. Nilimwambia Kikuria kwa sababu ndiyo lugha aliyozaliwa akisikia, na kwa sababu kulikuwa na mambo ambayo nilitaka kuyasema na hayakutaka kutoka kwa lugha nyingine. Asubuhi nikimkamua nilimweleza yote. Alisikiliza vizuri kuliko watu wengi.

Binti alipoanza kujua maneno nilijaribu kumfundisha. Nikimwambia kitu kwa Kikuria ananitazama, anacheka, halafu anakimbia kumwita mbuzi. Nilidhani ni mchezo. Siku moja jirani alimwuliza anajua lugha ngapi, akajibu kwamba anajua Kijaluo na Kiswahili, na mama yake anajua pia lugha ya mbuzi. Watu walicheka wakajishika mbavu. Nami nilicheka nao, kisha nikaingia ndani nikaufunga mlango. Mtoto hakuwa na kosa. Angejuaje? Ntimaru tulikwenda mara chache, tena alikuwa mgongoni. Duniani alikokuwa yeye, Kikuria kilikuwa na mama mmoja na mbuzi mmoja.

Ndipo kaka yangu akaja kututembelea, akitokea kwa wajomba zetu wa Tarime, ng'ambo ya mpaka. Akaniambia kuna santuri ya Kikuria. Kweli kabisa, mzee anapiga iritungu, lile zeze letu la nyuzi nane, na anaimba Kikuria safi, imetundikwa kwenye duka moja Musoma. Nilihisi kama mtu aliyeambiwa kuna maji karibu. Nikangoja meli.

Mume wangu aliposikia alikunja uso. Kumbe alikuwa anaijua. Alikuwa ameiona, ameuliza bei, na bei ile ilimchukiza, kwani ilikuwa mara tatu ya santuri yoyote, tena Musoma, karibu kabisa na wenyewe. Ilivunja nadharia yake. Kaka yangu alimweleza kwamba zililetwa chache, na mwenye duka anajua Mkuria akiisikia hatajadili bei. Mume wangu akasema huo ni wizi, na mwizi halipwi. Akanitaka nisubiri, ataipata kwa bei ya kibinadamu Kisumu au Mwanza, haiwezekani ikose. Niliona wazi anachoogopa. Mji mzima ungesikia kwamba yeye, mwalimu wao wa bei, amelipa mara tatu kwa wimbo mmoja ambao hata hauelewi.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Yeye alikuwa amekaa juu ya rundo la nyimbo za lugha yake. Nilimwambia hivyo, nikamwambia na mengine ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa wajukuu zangu wanasoma. Akaondoka na meli bila kumaliza chai.

Akarudi anang'aa. Alikuwa ameipata Kisumu, na rahisi, rahisi kuliko hata za Kijaluo. Muuzaji amemhakikishia ni Kikuria. Mama mkwe wangu akaketi, binti akaketi mbele kabisa nimemshika mabega, majirani wawili watatu wakaingia. Mume wangu akazungusha hendeli, akaweka sindano kwa madaha.

Sikuhitaji kungoja mtu aimbe. Sauti ya kwanza tu, nzito, inanguruma kutoka tumboni mwa dunia, nikajua hiyo ni obokano. Obokano ni zeze kubwa la Wakisii. Wakisii ni jirani zetu, tumeibiana ng'ombe na tumeoana tangu zamani, na lugha zetu ni ndugu, lakini mtu ukimpelekea Mkuria obokano na kumwambia ni yake, utakuwa umeanzisha neno. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikatoa machozi, halafu yale machozi yakaendelea peke yao bila kicheko.

Binti akanigeukia akauliza kama hiyo ndiyo lugha yangu. Nikamwambia hapana. Akafikiri, kisha akaniambia kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake pole, kwamba basi yangu ni ya mbuzi tu.

Mume wangu alianza kujitetea. Alisema zinafanana, alisema si ninaelewa lakini? Ndiyo, nilielewa, nusu. Nikamjibu mbele ya mama yake.

"Kule Uganda unawasikia Waacholi wakisema, unaelewa nusu. Nikikuletea Mwacholi akaimba hapa, utasimama ujisifu juu yake?"

Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa akisuka ukili wa mkeka wakati wote huo bila kuinua macho, akaachia sauti puani. Sikujua kama ni ya kunicheka au ya kumcheka mwanawe. Kusema kweli miaka yote hiyo sikuwa najua ananiweka wapi yule mama.

Gramafoni ilikuwa bado inaimba. Tukasikia mtu akibisha hodi kwenye ua. Alikuwa askari wa kituo cha pale, Mkisii, kijana tu, tulimjua kwa sura. Alikuwa anapita njiani akasikia. Hakutaka kuingia, alisimama mlangoni kofia mkononi mpaka santuri ikaisha, na ilipoisha akaomba ipigwe tena. Kisha akauliza kama tunaiuza. Mume wangu hakuwa hata amefungua mdomo kutaja kitu, yule askari akatoa noti mfukoni, akaiweka mezani, akaichukua santuri kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda zake. Hakungoja chenji.

Tulimsikia anavyoteremka njia akiimba. Mume wangu alikuwa ameshika ile noti. Ungetegemea afurahi, faida kama hiyo hakuwahi kuipata katika nchi yoyote kati ya zile tatu. Badala yake akaketi.

"Hakuuliza hata bei," akaniambia.

Nikamwambia ndiyo, hakuuliza. Akasema tena yale yale, polepole, kana kwamba amemwona mtu akivuka ziwa kwa miguu. Jioni ile hakumsimulia mtu yeyote bei ya kitu chochote.

Meli ikaondoka naye. Sikumkumbusha kitu, wala sikumwomba. Mimi nina hasira za haraka lakini kinyongo sikiwezi, kinanichosha. Niliendelea na shamba langu dogo la mihogo, nikamkamua mbuzi, nikamwambia habari za obokano, tukacheka wote wawili, au mimi nilicheka naye akatafuna. Lakini kila honi ilipolia upande wa ziwa, moyo ulikuwa unaruka, na nilikasirika nao kwa kuruka.

Alirudi Jumapili, watu wakiwa wameshaanza kukusanyika. Hakunisalimia vizuri. Aliingia moja kwa moja hadi kwenye gramafoni akiwa bado na vazi la kazi, akafungua aproni yake ya upishi aliyokuwa ameikunja kama mtu aliyebeba mayai, na ndani mlikuwa na santuri. Hakusema inatoka wapi, lakini sote tulijua. Akabadilisha sindano, akaweka mpya, jambo ambalo kwa kawaida alilifanya kwa shingo upande kwa vile sindano Homa Bay zilikuwa bei mbaya. Akazungusha hendeli mpaka mwisho.

Iritungu ikaanza. Sitajaribu kueleza. Anayeijua anaijua. Ilikuwa kama mtu amefungua mlango wa jiko la mama yangu na moshi wake ukanijia usoni. Halafu mzee akaanza kuimba, sauti kavu ya mzee wa kwetu, anawaambia vijana waache uvivu waende kuchunga, mambo ya kawaida tu, mambo ambayo nilisemwa nayo utoto wangu wote nikayachukia. Nilisimama pale na birika mkononi, nikalia waziwazi, sikujificha.

Mzee alipofika pale pazuri, maana kila wimbo una pale pazuri, karani wa gatini moyo ukampanda kama kawaida yake. Akainuka na senti zake kwenda kwenye kikombe cha bati ili sindano iinuliwe ajisifu. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa karibu na meza. Akanyosha mkono akafunika kikombe. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia samaki Kendu Bay, hakukitumia nyumbani kamwe, na siku hiyo alikitumia ili nami nielewe bila kutafsiriwa.

"Hii hapana," akasema. "Hii mtu asiguse. Ni ya mke yetu."

Karani akarudi akaketi. Wimbo ukaenda wote, kutoka ukingo hadi katikati, bila mtu kuukata. Katika zile Jumapili zetu ilikuwa mara ya kwanza wimbo kufika mwisho kwa mkupuo mmoja, na watu wakabaki wanatazamana kwa sababu hawakujua la kufanya na mikono yao.

Binti yangu alikuwa amekaa chini, kidevu juu ya magoti, macho hayabanduki kwenye ile santuri ambayo sasa ilikuwa inazunguka bure. Aligeuka akanitazama mimi, akatazama nje kule kwenye kamba ya mbuzi, akarudi kwangu.

"Mama," akaniuliza, "na huyu mzee ana mbuzi?"

Nikamwambia anao wengi, na watoto wengi, na majirani wengi, na wote wanasema hivyo hivyo, mlima kwa mlima, huku na ng'ambo ya mpaka. Akaniuliza mbuzi anaitwaje kwa lugha ya yule mzee. Nikamwambia. Akarudia. Akatoka mbio kwenda kumwambia mbuzi.

Watu walicheka, chai ikagawanywa, na santuri ikapigwa tena na tena, kikombe cha bati kimefunikwa kwa kisahani. Ndipo karani, ambaye alikuwa bado na senti mkononi na hakuwa na pa kuziweka, akamwuliza mume wangu swali ambalo kila mtu mle ndani alikuwa anangoja: hii, Musoma, bei gani? Wote walikuwa wamejiandaa, maana baada ya bei yatakuja maelezo, ingekuwaje Mwanza, ingekuwaje Kampala, ameokoa nini.

Mume wangu alikuwa anapangusa santuri kwa aproni yake.

"Nimesahau," akasema.

Hakuna aliyemwamini. Mama yake aliachia ile sauti ya puani, na safari hii nilijua ni ya nini.

Santuri ile ninayo. Wajukuu wameipeleka kwa mtu mwenye mashine nzuri akaisikiliza, akashangaa kwamba haina hata mkwaruzo mmoja, wakati zile nyingine zote zinaruka. Mume wangu, mwalimu wa bei, yupo pia, amezeeka, miguu haimpeleki tena gatini, lakini muulize sukari ya Bukoba mwaka ambao nchi ziligawana pesa, atakwambia, na blanketi la Mwanza, na rumba ya Kampala. Nami kila mara akishamaliza kuwapa wageni bei za nchi tatu, nikiwa napita na birika langu, humwuliza kwa sauti ya chini: na ile ya Musoma, baba?

Hunyosha kikombe chake, hata hanitazami.

"Hiyo nimesahau, nyar Ntimaru. Tia chai."